Kitundu Nilichokiziba

Leokadia, mwana wanje, mwanangu,

Umekwenda kuaga kwa shangazi yako, na shangazi yako namjua: hamwachi mtu kabla hajamlisha mara mbili na kumsimulia maumivu ya magoti yake yote mawili. Kwa hiyo nina muda. Nimeketi mlangoni penye mwanga, daftari lako la zamani juu ya ungo, na kuku wa jirani wananikodolea macho kama hawajawahi kuona mwanamke anaandika. Mwandiko wangu unaujua, unapanda na kushuka. Nivumilie, wala usiruke hata mstari mmoja.

Sitakuandikia habari za kufua, wala ule nini, wala ujihadhari na nani. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka ukaniambia, "Mama, basi, nimesikia, mimi si mtoto." Haya, umesikia. Ninalotaka kukuambia leo sijamwambia mtu yeyote aliye hai.

Ni habari ya Mwalimu Ndabise.

Jumapili baada ya misa, yule jirani yetu muuza chumvi alipotuambia kwamba Mwalimu Ndabise yuko Kasulu, palepale chuoni unapokwenda kusomea ualimu, kwamba siku hizi ni mtunza stoo, anagawa majembe na sabuni, ulikunja mkono wa gauni, ukaonyesha lile kovu linalotoka kiwikoni mpaka begani, ukasema, "Vizuri. Siku ya kwanza tu nitamwonyesha huu mkono mbele ya wanachuo wote. Nitamuuliza kama anaukumbuka." Watu wakakupigia makofi. Shangazi yako akasema, "Huyo ndiye mtoto wetu!" Mimi nilikuwa nasonga ugali. Nikasonga, nikasonga, mpaka ukawa mgumu, nawe ukanicheka, ukasema mama leo anataka kutujengea nyumba.

Leokadia, usimwonyeshe. Hakukuunguza yeye. Nilikuunguza mimi.

Haya, nimeliandika. Nimesimama nikanywa maji, nimerudi. Sasa niache nikueleze tangu mwanzo, maana ulikuwa na miaka kumi tu, na unachokijua juu ya siku ile ni kile nilichokujaza mimi.

Unakumbuka tulivyoletwa hapa kijijini, kutoka kule bondeni kwenye udongo wangu mzuri. Nyumba zikapangwa mstari, kila mmoja na kiwanja chake, na shule ikajengwa kwa miti na udongo na sisi wenyewe. Baba yako alikwishakwenda mkonge Tanga ukiwa bado mgongoni, na mpaka leo hajarudi wala hajatuma neno. Tulikula kwa vyungu. Nilifinyanga, nikavichoma, nikajitwika mpaka soko la Kibondo. Sikujua kusoma hata jina la mtakatifu wangu.

Mwalimu Ndabise alikuja na baiskeli yake kutoka Makere, mwembamba, shati moja la kazi na moja la Jumapili. Asubuhi aliwafundisha ninyi, alasiri akatufundisha kisomo sisi watu wazima. Siku ya kwanza wanawake wenzangu walinicheka: hiyo mikono ya udongo itashikaje kalamu? Yeye akasema, "Mkono unaolainisha mdomo wa chungu hauwezi kushindwa na herufi o." Na kweli, o ndiyo niliyoiweza kwanza, tena nzuri kuliko za wenzangu wote. Kwa hiyo ujue kabisa: barua hii unayoisoma, yeye ndiye aliyenipa uwezo wa kuiandika. Nimekaa na jambo hilo miaka yote hii.

Shule yenu haikuwa na kitu. Hakuna chupa ya kupimia, hakuna mizani, hakuna chochote. Siku moja akaja hapa mlangoni akasema, "Mama Leokadia, watoto wanaimba kwamba mvuke una nguvu, lakini hakuna hata mmoja aliyeuona ukifanya kazi. Wewe una moto, una maji, una vyungu. Njoo utusaidie."

"Mwalimu, mimi sayansi naijulia wapi?"

"Chungu kitakachopasuka tanuruni unakijua kabla hakijaingia?"

"Nakijua."

"Kwa nini kinapasuka?"

"Hakijakauka. Kuna maji ndani ya udongo. Yakipata moto yanatafuta njia ya kutokea, hayaioni."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Sasa hiyo unayosema ndiyo wanayoimba."

Basi zikaanza zile Ijumaa za mafundi. Mzee Rutema mhunzi akaenda na mivukuto yake kuwaonyesha jinsi chuma kinavyotanuka kikipata moto. Mrina asali akaenda na mizinga. Fundi baiskeli akawafundisha magurudumu na mnyororo. Hatukulipwa, wala hatukuuliza. Nilivimba kichwa, mwanangu, sikufichi. Nilikuwa natembea njiani kwenda shuleni nikitaka watu waniulize ninakwenda wapi.

Alinitaka nifinyange chungu chenye mdomo mwembamba na kifuniko chake, na katikati ya kifuniko kitundu kimoja kidogo. Mvuke utoke hapo, uzungushe kipepeo cha karatasi. Ijumaa ya kwanza kifuniko hakikukaa sawa. Mvuke ukatoka pembeni pande zote, kile kipepeo kikatikisika kama mtu anayesinzia, basi. Watoto wakaangua kicheko. "Chungu cha mama Leokadia kinavuja!" Nawe, nilikuona, uliinamisha kichwa ukatazama miguu yako. Ulinionea aibu.

Wewe hujui neno hilo linavyomchoma mfinyanzi. Chungu kinachovuja! Soko lililofuata mama mmoja akanyanyua chungu changu, akakitazama ndani, akaniuliza kwa utani, "Na hiki nacho?" Nikamjibu vibaya, mdomo wangu unaujua, akaenda kununua kwa mwenzangu. Nilirudi nyumbani nimejitwika vyungu vilevile nilivyokwenda navyo.

Ijumaa ya pili nikaja nimejiandaa. Mwalimu mwenyewe alisema tukandike udongo kuzunguka kifuniko ili mvuke usipite pembeni, na kile kitundu tukiache wazi. Alirudia, "Kitundu tusikiguse, mama. Kitundu ndilo somo lenyewe." Akachora mstari wa majivu pale uwanjani, hatua nyingi kutoka motoni, akasema hakuna mtoto wa kuuvuka. Kisha akaitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, nanyi watoto mkatumwa kuokota kuni. Nikabaki mimi na Mzee Rutema, aliyekuwa akisubiri zamu yake na mivukuto.

Maji yakachemka. Kitundu kikaanza kulia, fyuuu. Mwalimu angekuwepo angefurahi, ndicho alichokitaka. Mimi nilisikia kinavuja tu. Nikawasikia watoto wanakuja, nikasikia kile kicheko kabla hawajacheka. Nikajiambia, nikiuzuia kidogo huu mvuke, ukajaa, kisha nikifungua wote wakiwa wanatazama, utarusha kile kikaratasi mpaka juu ya paa, na hapo nitaona nani atacheka. Nikachukua donge la udongo mbichi, nikaliingiza kwenye kitundu, nikalainisha juu kwa kidole. Tena nikalainisha vizuri, kama kazi ya kuuza.

Mzee Rutema akasema, "We mama, si kasema kiachwe?"

Nikamwambia, "Mzee, wewe hangaika na chuma chako."

Akarudi kwenye mivukuto yake. Wale wazee wa ufundi hawaingilii kazi ya mtu.

Mwalimu akarudi, nanyi mkarudi na kuni, mkajipanga nyuma ya mstari. Akakitazama chungu, moshi umekizunguka, akauliza, "Mbona kimya, mama?" Nikasema, "Kitalia tu, subiri." Aliniangalia. Naapa aliniangalia kama mtu anayetaka kusema neno. Lakini nilikuwa nimeaibika mara moja mbele ya darasa lake, na hakutaka kuniaibisha tena, akageuka kuchukua kile kipepeo mezani. Nikataka kukizibua kwa kijiti. Udongo ulikuwa umeshakauka, mgumu. Nikajua. Mimi niliyemweleza yeye kwa mdomo wangu kwa nini vyungu vinapasuka! Nilijua kwa muda wa kuvuta pumzi moja, nikajidanganya kwamba bado kidogo tu utalegea.

Na katika muda huohuo nilikupungia mkono. Nikasema, "Leokadia, njoo karibu, njoo uone kazi ya mama yako." Ukavuka mstari wa majivu, unatabasamu.

Sitaandika kilichofuata, mwili wako unakijua. Nitaandika usichokijua. Mwalimu Ndabise ndiye aliyekubeba. Alikufunga mgongoni kwake kwa kanga yangu, akapanda baiskeli mpaka hospitali ya Kibondo, milima yote ile, nami nakimbia nyuma nimeachwa mbali. Nilipofika nilimkuta ameketi chini kwenye varanda, shati limemgandia mgongoni kwa maji ya malengelenge yako. Hakuniuliza lolote. Alisema tu, "Yuko hai, mama, yuko hai."

Siku ya tatu homa ilipopungua uliniuliza, "Mama, kuna mtu aliniita nisogee. Nani aliniita?"

Nikasema, "Mwalimu."

Leokadia, hapo ndipo. Watu wanaweza kusema chungu kilikuwa bahati mbaya, na mimi nimejaribu sana kusema hivyo. Lile jibu halikuwa bahati mbaya. Ulikuwa umelala umefungwa bandeji mpaka shingoni, huna mwingine wa kumwamini, nikakupa uongo ukaunywa pamoja na uji. Tangu siku ile ukamchukia yeye, na kila ulipomchukia mimi nilipumua.

Nikarudi kijijini kuchukua nguo, nikapita shuleni. Kipande cha kifuniko kilikuwa kimelala kwenye nyasi, na donge langu bado limeng'ang'ania kwenye kitundu, limeiva kabisa kwa moto. Nikakitupa chooni. Kesho yake mwalimu alikuwa anainama huku na huku uwanjani, akaniuliza, "Mama Leokadia, hukukiona kifuniko?"

"Sijakiona."

Alikuja bwana mmoja kutoka Kibondo kuchunguza. Simlaumu, aliandika alichoambiwa. Aliniuliza, "Mwalimu alikuagiza ukizibe chungu?" Nikasema ndiyo. Ilikuwa kweli, si aliniagiza nikandike kuzunguka kifuniko? Yule bwana hakujua habari ya kitundu, nami sikumwambia. Mwalimu aliposema kitundu kiliachwa wazi, hakuwa na cha kuonyesha. Mzee Rutema aliulizwa, akasema alikuwa anashughulika na mivukuto. Ninyi watoto hakuna aliyewauliza.

Yule bwana akaniandikia maelezo, akanisogezea kidau cha wino ili niweke dole gumba. Nikasema, "Mimi naandika." Nilikuwa nimelingojea jambo hilo tangu siku ya kwanza ya kisomo, kuandika jina langu kwenye karatasi ya serikali. Usije ukanitetea ukasema mama hakujua alichotia saini. Nilisoma yote, polepole, kidole chini ya kila neno. Nilielewa. Nikaandika Honorata, o zote mbili za mviringo safi.

Mwalimu alikuwa amesimama karibu. Akalitazama lile jina, akatazama uso wangu. Hapo alijua, nakwambia alijua kila kitu. Akasema, "Umeandika vizuri, mama." Hakunikejeli. Angenikejeli ningepata nafasi ya kukasirika.

Wiki ile ile alifunga sanduku lake kwenye baiskeli akaondoka. Hajaruhusiwa kushika darasa tangu hapo. Mafundi nao wakaacha kwenda shuleni, nani angethubutu? Mpaka unamaliza darasa la saba ulikuwa unaimba kwamba mvuke una nguvu. Mzee Rutema alipokuwa mahututi mwaka jana nilimpelekea uji, akanishika mkono akasema, "Honorata, mimi nilikaa kimya kwa ajili ya mtoto wako. Sasa ameshakua." Nikamfunika shuka, nikamwambia apumzike. Tukamzika siku mbili baadaye.

Kwa nini nilifanya vile? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Niliogopa hakuna atakayenunua tena chungu cha mwanamke aliyemlipua mwanawe, na hatukuwa na mlo mwingine. Hilo ni kweli, lakini ni dogo. Niliogopa wewe. Baba hukuwa naye, ukijua mama ndiye aliyekuita motoni, ungebaki na nani? Na mimi je, ningebaki na nani? Sasa unaniona nilivyo: hata kwenye kuungama najihurumia mwenyewe.

Unakwenda kuwa mwalimu, na mimi sina cha kukufundisha juu ya ualimu. Ila nimewahi kuwa fundi aliyeitwa darasani, na hilo nalijua. Waite watu kama sisi. Usiache kwa sababu yangu, nitaumia zaidi ukiacha. Yule mhunzi alipopasha ile pete ya chuma ikapita kwenye kijiti ambacho haikupita ikiwa baridi, nilimwona mtoto wa nyuma kabisa, yule aliyekuwa hasemi, anasimama juu ya benchi. Lakini mtu mzima akikosea mbele ya watoto, mwambie hapohapo, hata kama ni mama wa mtu, hata kama atanuna na kubeba vyungu vyake aende. Mwalimu Ndabise aliniheshimu kwa neno moja alilolimeza. Nimeitaka heshima ile maisha yangu yote, na sasa ningetoa chochote angenivunjia. Na siku utakayokosea wewe, kwa sababu utakosea, sema mimi kabla jua halijatua. Mimi nilisema nitasema kesho. Kesho yake ilikuwa ngumu zaidi, na iliyofuata ikawa ngumu kuliko hiyo, mpaka nikazoea, nikawa nacheka sokoni kama watu wengine.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuipenyeza chini ya nguo zako, uikute Kasulu, mimi nikiwa huku salama mbali na macho yako. Nimefika hapa nimejiona nilivyo. Ningekuwa nimekuachia tena moto, nikakimbia. Hapana. Nitakupa mkononi ukiingia tu, uisome mbele yangu. Utanitukana, nitukane. Ukinyamaza nitakaa na huo ukimya, ingawa wajua kimya chako nakiogopa kuliko matusi.

Na kuna jingine, ulijue kabla hujaanza kulia au kupiga kelele. Asubuhi nilikwenda barabarani kwa utingo wa lori, nikamwambia nafasi ni mbili. Nakwenda nawe. Usiponitaka karibu yako nitapanda nyuma na magunia ya maharage, sitakusumbua njia nzima. Tukifika nitaomba kuonana na mkuu wa chuo, nitamweleza kama nilivyokueleza, kisha nitauliza ofisi inayotunza yale maelezo iko wapi, niende nikaandike mengine. Sijui kama watamrudishia darasa. Sijui kama watanifunga. Sijui kama yeye atataka hata kuniona. Nimeshamwomba jirani awape kuku wangu maji.

Nakusikia unakuja, unacheka na mtu njiani. Mungu wangu, unacheka.

Leokadia, ulisema utauonyesha mkono wako mbele ya wanachuo wote. Uonyeshe. Mimi nitakuwa nimesimama mbele yako. Nionyeshe mimi.

Mama yako,
Honorata